Ng'ombe apigwe sindano kwa bunduki? Kwanza tuhesabu siku

Na Mwandishi Wetu

Saa mbili asubuhi, mitaa inayolizunguka Soko Kuu la Kariakoo imeshajaa. Maguta yanapishana na bodaboda, wapagazi wanaomba njia, na katika duka moja la dawa za mifugo foleni imefika mlangoni. Rafu ya nyuma imepangwa chupa za kahawia za mililita 100, chini yake madumu ya dawa ya kuogeshea, na pembeni sindano nene za chuma zile zinazochemshwa na kutumiwa tena.

Mfugaji mmoja aliyepanda basi alfajiri kutoka upande wa Chalinze anatoa simu na kumwonesha muuzaji video. Ni mtu juu ya farasi, nchi za watu, ameshika bunduki. Analenga ng'ombe aliyesimama mbali kidogo, mshale wenye mkia wa rangi unachoma shingoni, na dawa inaingia bila mtu kumgusa mnyama. Mfugaji anataka kujua kama kifaa hicho kimeshafika Kariakoo, maana hapa, kama wasemavyo wenyewe, kisichopatikana hakijatengenezwa.

Muuzaji anatikisa kichwa, hana. Anachonacho ni oksitetrasaiklini ya asilimia 20 na bomba la sindano. Biashara inafanyika kwa dakika chache. Hakuna anayeuliza cheti cha daktari wa mifugo, wala ng'ombe huyo anaumwa nini. Na hakuna anayeuliza swali ambalo lingemhusu kila mla nyama wa jiji hili: baada ya sindano hiyo, ng'ombe atapelekwa mnadani lini?

Makala haya yanaanza na bunduki, kwa sababu wafugaji wameanza kuiulizia na wana haki ya kupata jibu la kweli. Lakini jibu hilo linatupeleka kwenye jambo zito zaidi, nalo ni zile siku zinazopaswa kupita kati ya dawa na kisu.

Bunduki yenyewe imetoka wapi

Bunduki ya sindano si kitu kigeni Afrika Mashariki. Colin Murdoch, daktari wa mifugo na mfamasia wa New Zealand, ni miongoni mwa walioibuni katika miaka ya 1950, akitafuta njia ya kumfikia mnyama asiyeshikika. Toni Harthoorn, daktari wa wanyama aliyefanya kazi katika ukanda wetu, akawa kati ya waliokuza ufundi wa kuwalaza faru na tembo kwa dawa. Kazi yake ndiyo iliyochochea tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoitwa "Daktari", iliyorushwa kati ya 1966 na 1969.

Hapa nchini, madaktari wa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, wanaitumia kumtoa mnyama kwenye nyaya za majangili, kumvisha tembo kola ya kumfuatilia, au kumhamisha faru.

Dawa inayotumika sana kwa wanyama hao wakubwa, etofini, ina nguvu kiasi kwamba mililita chache tu zinamlaza faru mzima. Ni hatari hata kwa mpigaji, na ndiyo maana daktari haendi porini bila dawa ya kuizimua. Mshale mdogo unamtosha faru kwa sababu dawa yenyewe ni kidogo.

Katika ranchi za Marekani na Kanada kifaa hicho kimehamia kwa ng'ombe. Hakipelekwi kumlaza. Kinapeleka antibiotiki kwa mnyama mwenye kidonda cha kwato, ugonjwa wa macho au homa ya mapafu, akiwa kule kule malishoni.

Wanaoitaka wana hoja

Tusiwabeze wanaoitamani bunduki hii. Ng'ombe mgonjwa akiwa mbali, kumswaga kilomita kadhaa hadi zizini kunamchosha na kunamzidishia ugonjwa. Kumwangusha kwa kamba kunahitaji vijana watatu au wanne wenye nguvu, na mara nyingi mmoja anaondoka amekanyagwa au amepigwa pembe. Fahali mkali ameshaua watu.

Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina maeneo mapana kama Kongwa na Ruvu ambako mfanyakazi mmoja anaweza kuangalia mamia ya mifugo. Kwa meneja wa ranchi ya namna hiyo, mtu mmoja anayeweza kutibu bila kukusanya kundi zima ni akiba ya muda na mishahara. Mnyama naye anatibiwa mapema, kabla ugonjwa haujakomaa.

Hata jijini kifaa kina kazi. Fahali akikata kamba njiani kuelekea machinjioni na kuingia barabarani, dawa ya kutuliza kutoka mbali ingeokoa maisha ya watu, mradi mnyama huyo asiende buchani kabla dawa haijamtoka.

Ila hoja hizo zina masharti, na masharti yake ndiyo video ya simu haioneshi.

Hesabu ya mililita

Chukua chupa ile ile aliyoinunua mfugaji wetu. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ya kukaa muda mrefu mwilini hutolewa kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25. Mishale mikubwa inayotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe hubeba takriban mililita 10. Maana yake ng'ombe mmoja anahitaji mishale mitatu, na ng'ombe aliyepigwa wa kwanza hasubiri wa pili.

> Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25 za dawa. Mshale mkubwa hubeba takriban 10.

Akipigwa mmoja na kuachwa, amepata chini ya nusu ya dozi. Hiyo inaweza kuwa hali mbaya kuliko kutotibiwa kabisa, kwa maana vimelea dhaifu vinakufa na vile sugu vinabaki kuzaana.

Wamarekani wanalikwepa tatizo hilo kwa kutumia dawa nyingine, kama tulathromaisini, ambayo mililita 1 inatosha kilo 40. Ng'ombe wa kilo 250 anapata dozi kamili kwa mililita zisizofika 7. Lakini dawa hiyo ni ghali, na iko katika familia ya antibiotiki ambazo Shirika la Afya Duniani linataka zilindwe kwa ajili ya binadamu. Kuifanya iwe dawa ya kurushwa malishoni ni kuichezea silaha ya akiba.

Watafiti wa Marekani waliolinganisha mshale na sindano ya mkono wamekuta mishale mingine haimwagi dawa yote, na misuli ya mnyama aliyepigwa mshale huumia zaidi. Mshale ukirushwa kwa nguvu kupita kiasi unapasua nyama ndani. Ukirushwa kwa nguvu ndogo unadunda na kuanguka. Sindano ikivunjika, kipande cha chuma kinabaki kwenye msuli na kusafiri na nyama hadi jikoni.

Wasimamizi wa ubora wa nyama nchini humo wanamfundisha mfugaji kuchoma shingoni, ikiwezekana chini ya ngozi, na asizidishe mililita 10 sehemu moja. Kulenga shingo ya ng'ombe anayetembea, kwa kina kinachotakiwa, si kazi ya kila mtu. Tangu Juni 2023, antibiotiki zote zenye umuhimu kwa tiba ya binadamu haziuzwi kwa mfugaji wa Marekani bila cheti cha daktari wa mifugo. Bunduki ile kwenye video inatumika ndani ya mfumo ambao una daktari, cheti na daftari.

Zizi letu ni tofauti

Kuna jambo lingine, na hili mfugaji wa Kitanzania analijua kuliko mtaalamu yeyote. Mrancha wa Marekani anaweza kukaa wiki bila kumshika ng'ombe wake. Mfugaji wa Kisukuma, wa Kimaasai, wa Kigogo au wa Kibarabaig anarudisha ng'ombe zizini kila jioni. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Ng'ombe aliyelegea masikio leo, mtoto wa miaka kumi atakuwa amemwona kabla jua halijazama.

Sababu kubwa inayomfanya mrancha anunue bunduki, yaani mnyama asiyekaribika, kwa wafugaji wengi wa hapa haipo. Kinachokosekana ni mahali salama pa kumshikia mnyama huyo anapofika zizini.

Mahali hapo ni kibanio: njia nyembamba ya nguzo, mbao au mabomba, ng'ombe anaingia mmoja mmoja na hawezi kugeuka. Ndani yake anachanjwa, anavishwa hereni ya utambuzi, anapimwa uzito kwa utepe wa kifua na kuchomwa sindano palipokusudiwa. Kijiji kimoja kikijenga kibanio imara, wafugaji wote wanakitumia kwa miaka. Hakihitaji gesi, risasi wala kibali cha silaha. Bunduki, hata ya dawa, inaweza kumfungulia mfugaji mlango wa polisi, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haiachi umiliki wa silaha uwe jambo la dukani tu.

Kutoka zizini hadi buchani

Sasa turudi jijini, maana huku ndiko dawa inakoishia.

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hushushwa katika mnada wa Pugu. Wanatoka Dodoma, Singida, Shinyanga, Simiyu, Tabora, Morogoro. Wamesafiri kwa lori mchana na usiku, wamebanana, wengine wameanguka na kukanyagwa. Kutoka Pugu wanakwenda machinjioni, Vingunguti ikiwa maarufu kuliko zote, ambako Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga machinjio ya kisasa. Kabla ya jua kuchomoza nyama imeshapakiwa kwa ajili ya mabucha ya Kariakoo, Ilala, Buguruni na Kisutu.

Mkaguzi wa nyama anaangalia kwa macho na kupasua kwa kisu. Anaona minyoo ya ini, anaona tegu, anaona majipu ya kifua kikuu. Mabaki ya dawa hayaonekani. Hayana rangi wala harufu, na muhuri unagongwa juu yake kama juu ya nyama safi.

Dalili moja ndogo huonekana baadaye, buchani. Muuzaji anakata paja, kisu kinagoma. Ndani ya nyama nyekundu kuna donge gumu la rangi ya krimu, pengine lenye usaha katikati. Analichonga, kipande cha ukubwa wa ngumi, na kukitupa kwenye ndoo ya mifupa. Hapo ndipo sindano ilipoingia. Ni hasara ya bucha, na ni onyo, kwani mahali palipochomwa dawa ya kukaa muda mrefu ndipo mabaki hujazana kuliko sehemu nyingine yoyote ya msuli.

Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinaruhusu mabaki ya oksitetrasaiklini yasiyozidi mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, 600 kwa kilo ya ini na 1,200 kwa kilo ya figo. Ili mwili wa ng'ombe ushuke chini ya hapo, lebo zinampa mfugaji siku za kusubiri. Kwa dawa hii ya asilimia 20, lebo ya Marekani inasema siku 28.

> Mabaki ya dawa hayana rangi wala harufu, na muhuri unagongwa juu yake kama juu ya nyama safi.

Siku 28 ni karibu mwezi. Mfugaji anayeuza ng'ombe kwa sababu ya ada ya shule au mgonjwa hospitalini hana mwezi. Na mara nyingi ng'ombe anayeuzwa haraka ni yule aliyetibiwa na hakupona, mwenyewe akiogopa asimfie mkononi. Hapo ndipo dawa nyingi hukutana na kisu cha haraka.

Si dhana tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu nyama ya ng'ombe wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ulikuta mabaki ya oksitetrasaiklini katika zaidi ya nusu ya sampuli. Mwingine wa 2017, uliofanywa miongoni mwa Wamaasai, Waarusha na Wachagga, ulionesha kuwa kujitibia mifugo bila mtaalamu na kutozingatia siku za kusubiri ni mambo ya kawaida, hasa katika jamii zilizo mbali na huduma za mifugo.

Moto wa jikoni hupunguza oksitetrasaiklini lakini hauimalizi. Anayekula supu na maini kila asubuhi anameza kidogo kidogo dawa asiyoandikiwa. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa mabaki ya penisilini. Na bakteria waliojifunza kuishinda dawa zizini wanaweza kuhamia kwa mchungaji, kwa mchinjaji na kwa watoto wao. Tanzania ilikuwa na mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa wa 2017 hadi 2022, na sasa kuna wa 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inamtaja binadamu na mnyama pamoja kwa sababu damu yao inakutana mezani.

Sheria ipo, mnyororo umekatika

Nchi haina upungufu wa sheria. Kuna Sheria ya Veterinari ya 2003 iliyounda Baraza la Veterinari na kuweka nani anaruhusiwa kutibu mifugo. Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka huo huo. Kuna Sheria ya Nyama ya 2006, iliyoleta Bodi ya Nyama, na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010.

Kazi nayo imegawanywa. Tangu 2019, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasimamia dawa, zikiwemo za mifugo, na usalama wa chakula ukahamia Shirika la Viwango, TBS. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ina wataalamu wake. Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, makao yake yako hapa hapa Temeke.

Kila mmoja ameshika kipande chake. Anayeijua chupa ni muuza duka wa Kariakoo, sindano anaijua mfugaji, lori analijua dalali wa Pugu, na nyama yuko nayo mkaguzi wa Vingunguti. Hakuna karatasi moja inayosafiri na ng'ombe kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho ikisema: huyu alichomwa dawa fulani, tarehe fulani.

Mfugaji asibebeshwe lawama peke yake

Ni rahisi kwa mtu wa mjini kumlaumu mfugaji. Lakini ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huua ndama ndani ya wiki chache. Nagana ya mbung'o inamkausha ng'ombe hadi mbavu zinahesabika. Mtaalamu wa mifugo anahudumia kata nzima, pengine kwa pikipiki isiyo na mafuta. Chupa ya dawa kwa mfugaji ni kama bima. Kumnyang'anya bila kumpa kingine ni kumwambia aangalie mali yake ikifa.

Kwa sensa ya kilimo na mifugo ya 2019/20 Tanzania ilikuwa na ng'ombe milioni 33.9, utajiri ambao nchi chache Afrika zinao. Utajiri huo unalindwa kwa kuzuia ugonjwa kabla ya kuutibu. Chanjo ya ndigana kali imeokoa ndama wengi wa Wamaasai kaskazini mwa nchi, nao wameilipia kwa fedha zao kwa sababu wameona inafanya kazi. Josho linalofanya kazi linapunguza kupe, na kupe wakipungua chupa nyingi za kahawia zinabaki rafuni.

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo: chanjo ya homa ya mapafu kwa ng'ombe, ya sotoka kwa mbuzi na kondoo, ya kideri kwa kuku, pamoja na uvishaji wa hereni. Hereni haivishwi bila kumkamata mnyama. Kila kibanio kinachojengwa kwa ajili ya kampeni hiyo kinapunguza sababu ya kutamani bunduki.

> Josho linalofanya kazi linapunguza kupe, na kupe wakipungua chupa nyingi za kahawia zinabaki rafuni.

Mstari mmoja kwenye kibali

Kwa hiyo bunduki ije au isije? Kwa ranchi kubwa yenye daktari wake, daftari lake na mpigaji aliyefundishwa, inaweza kuwa na nafasi, kwa mnyama mmoja mmoja na kwa dawa ambayo dozi yake inaenea ndani ya mshale. Kwa mfugaji wa kawaida itakuwa gharama kubwa inayompa dozi pungufu na nyama iliyochanika. Fedha hizo ziende kwenye kibanio na chanjo.

Lakini iwe kwa mshale au kwa mkono, dawa ni ile ile na siku za kusubiri hazikwepeki. Ng'ombe hasafirishwi kihalali kwenda Pugu bila kibali. Kibali hicho kidai mstari mmoja: dawa ya mwisho aliyopewa, tarehe, na jina la aliyempa. Namba ya hereni iandikwe pembeni yake. Ng'ombe ambaye siku zake hazijatimia arudishwe malishoni mpaka zitimie, asichinjwe.

Mstari huo una maana ikiwa unahakikiwa. TVLA na TBS wachukue sampuli za figo na ini Vingunguti bila taarifa, wazipime, na matokeo yatangazwe kila robo mwaka kama bei za mazao zinavyotangazwa. Muuza dawa wa Kariakoo adai cheti na amwambie mteja, kwa mdomo na kwa maandishi makubwa, siku ambazo ng'ombe huyo haruhusiwi kuliwa. Dalali anayedanganya tarehe anyang'anywe leseni.

Mfugaji naye alipwe kwa uaminifu wake. Ng'ombe mwenye historia kamili ya dawa apate bei ya juu mnadani, maana mnunuzi anajua anachonunua. Bila hilo, mkweli atabaki na ng'ombe wake zizini siku 28 akiangalia jirani mwongo anavyohesabu fedha, na mwezi ujao naye ataandika tarehe ya uongo.

Gharama ya yote hayo ni wino, sampuli na usimamizi. Wizara, TMDA na TBS wana mamlaka ya kuanza katika mnada mmoja na machinjio moja, Pugu na Vingunguti, mwaka huu huu. Wakazi wa jiji hili wanaolipia kila kilo ya nyama wana haki ya kuwadai waanze.